Dhahabu Isiyopenda Sabuni

Kazi yangu mtaani Kambarage ilikuwa kuchapa. Kibanda chetu kilitoa kopi, kilipiga picha za pasipoti na kuchapa kazi za wanafunzi, na mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama alisema tuyaweke kabatini yapumzike, nilishinda nikichapa mambo ya watu waliofika mbali kuliko mimi. Nimechapa magonjwa ya ng'ombe. Nimechapa sheria za ardhi na historia ya reli. Nusu yake sikuielewa, lakini kila kazi niliyoimaliza nilijiona na mimi nimeisomea kidogo, nikawa narudi chumbani kwangu kichwa juu kama mtu anayetoka chuo.

Chembe za nano nilikutana nazo hapo hapo. Alizileta kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa anasomea udaktari Mwanza, amerudi likizo. Karatasi zake zilikuwa za Kiingereza na mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye matope, kwa hiyo ilibidi akae kwenye stuli pembeni yangu anisomee.

"Hapa umeandika nini, dokta?"

"Bado sijawa dokta, dada."

"Mwandiko umeshakuwa."

Alicheka, na nadhani ni kwa sababu ya kicheko hicho akawa ananieleza kila aya kwa Kiswahili kabla sijaichapa. Tulipofika kwenye neno la dhahabu nikaondoa vidole kwenye kibodi.

"Dhahabu hii hii? Ya kwetu?"

"Dhahabu ni moja. Ila hii imefanywa ndogo mno. Chukua unywele wako, uupasue kwa upana vipande maelfu. Kipande kimoja hapo ndiyo chembe yenyewe. Huioni hata kwa hadubini ya shuleni."

Akaniambia uvimbe wa saratani unakua kwa pupa. Unajijengea mishipa yake ya damu haraka haraka, na kazi ya haraka haraka kila mtu anaijua.

"Kama duara lililochimbwa bila matimba," nikasema. Duara ni shimo la mchimbaji, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zisibomoke. Mimi ni mtoto wa machimboni, mifano yangu yote inatoka huko.

"Sawasawa. Kuta za mishipa hiyo zina nyufa. Chembe ikipita kwenye mshipa mzima inapitiliza, haina pa kutokea. Ikifika penye uvimbe, inapenya kwenye ufa. Na uvimbe hauna mfereji mzuri wa kutoa maji, kwa hiyo ikishaingia inakwama."

"Halafu?"

"Halafu seli ya saratani inaimeza. Ngozi ya seli inabonyea, inaizunguka chembe, inaifunga kama tonge, inaivuta ndani. Haijui imemeza nini. Kama chembe imebeba dawa, dawa inamwagika humo humo. Kama ni dhahabu, unamulika mwanga fulani ambao jicho halioni, dhahabu inapata joto, seli inaungua kutoka ndani. Jirani yake aliye mzima hata hajui kilichotokea."

Nilikaa nikiangalia skrini. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna hiyo.

"Kwa hiyo inatibu."

"Kwa panya," alisema. "Kwa panya inafanya vizuri sana. Kwa watu bado wanahangaika."

Hilo la panya nalo nililichapa. Lakini sikutoka nalo kibandani. Mimi ni mtu wa kuota mchana, na ndoto ikija na dhahabu ndani yake siwezi kuiacha njiani. Nilipofunga kibanda nilimpigia mama.

"Mama, kumbe dhahabu inatibu kansa."

"Nani kasema?"

"Nimechapa leo."

"Ungechapa na ya kutibu mgongo. Huu wangu umeinama tangu asubuhi." Kuku wakalia nyuma yake. "Inatibu kansa ya wapi na wapi?"

Nikajua ni udadisi tu wa mama. Kumbe tayari alikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto, na hakuwa amemwambia mtu.

Mama alikuwa mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Ushetu. Aliolewa na kijana wa Bukombe ambaye hakupenda jembe ila alipenda shimo, wakahamia machimboni upande wa Geita, na mimi nikazaliwa huko, karibu na kelele za karasha zinazosaga mawe. Baba alishuka duarani. Mama alikaa mwaloni, kwenye kuosha. Unainamisha ubao, unatandika magunia juu yake, unamwaga mchanga uliosagwa pamoja na maji. Mchanga unateremka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi za gunia. Wanaume wakishaosha yao, mchanga unaobaki unaitwa marudio, na marudio ndiyo ya akina mama. Mama aliosha marudio maisha yake yote ya ndoa. Mdomo wa duara hakuwahi kuusogelea. Mwanamke haruhusiwi, dhahabu inamkimbia.

Maana kwa wachimbaji wa kwetu dhahabu si jiwe. Ni kiumbe, na kina wivu. Inasikia, inanusa. Mchimbaji akiona dalili kwamba ameikaribia, anakaa miiko. Hagusi sabuni. Hapigi mluzi. Halali chumba kimoja na mkewe wala hali naye mezani. Na anachotafuta hakitaji, hasa mbele ya mwanamke. Akivunja mwiko, dhahabu inahama.

Nilipokuwa mdogo nilijua baba yuko karibu na kitu kwa pua yangu. Mama naye alijua, akawa anamtengea sahani yake nje bila kuuliza. Zikipita siku, kwa kupata au kwa kukosa, tulisikia maji bafuni, kisha mluzi. Baba ana mluzi mzuri sana, mwembamba, unapanda na kushuka kama ndege anayejua anakokwenda. Mara nyingi ilikuwa kwa kukosa. Mama alikuwa akiusikia anasema, "Haya, imehama. Ongezeni sahani." Na wote tunafurahi kama tumepata.

Mama alipenda sabuni, hilo nalo niliseme. Mtu anayeshinda kwenye tope anajua thamani ya povu. Ya kufulia ilikuwa mche, ya kila mtu, lakini ya kuogea ilikuwa yake, ya kunukia, inakaa kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi pale dirishani. Zawadi ya kwanza baba aliyompelekea Ushetu wakati wa uchumba ilikuwa sabuni. "Wenzake wanaleta vitenge," mama alikuwa akituambia, "huyu kaniletea sabuni, nikajiuliza, jamani, kwani nanuka?"

Uvimbe ulipojulikana ulikuwa umeshakomaa. Walimtoa titi, hospitali kubwa ya Mwanza, wakamtundikia dripu za dawa zile zinazong'oa nywele na kucha na hamu ya kula, na kwa muda tulidhani tumeshinda. Alirudi hadi mwaloni, akawa anakaa tu na wenzake akiwasimanga kwamba hawajui kutandika gunia. Kisha macho yakaanza kuwa ya njano. Tulipomrudisha walituita kando, mimi na baba, wakatuambia ugonjwa umeshaingia kwenye ini, na kwamba mwili wake hauwezi kubeba dripu nyingine. Watatupa dawa za maumivu. Twende naye nyumbani.

Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Nilikuwa na embe mkononi nililomnunulia mama, sikujua niliweke wapi. Ndipo nikamwona kijana wangu wa kibandani, amevaa koti jeupe, anafuata nyuma ya madaktari na wanafunzi wenzake. Alinitambua. Walipomaliza mzunguko akarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba alisema. "Ni wewe wa ile ya dhahabu? Mwanangu alinisimulia. Kaa, nieleze mimi."

Akakaa. Nilitegemea atasema ana haraka, lakini alikaa akaeleza yote upya, polepole, na baba alisikiliza akiwa ameinama, viganja katikati ya magoti.

"Inaingia kwa wapi?"

"Kwa mshipa, mzee. Kama dripu."

"Inazunguka na damu."

"Ndiyo."

"Sasa niambie. Katika hiyo yote mnayomwaga, inanasa kiasi gani?"

Kijana alimwangalia baba vizuri kabla ya kujibu. "Kidogo sana. Huo ndio ugumu wenyewe. Ikigusa damu tu, vitu vya kwenye damu vinaigandia, inabadilika sura, mwili unaiona ni ngeni. Ini na bandama vinaichuja. Nyingi inaishia kwenye ini kabla haijaufikia uvimbe."

Baba aliinua kichwa. "Kwenye ini?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ugonjwa wa huyu mama si uko kwenye ini?"

"Ndiyo."

"Basi si ndiyo imefika."

Sikuwahi kumwona mtu akitaka kusema ndiyo kama yule kijana alivyotaka. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. "Ingekuwa hivyo ningefurahi sana, mzee. Ila ndani ya ini kuna seli za usafi, kazi yao ni kufagia kitu chochote kigeni. Hizo ndizo zinazoimeza ile dhahabu. Seli za saratani ziko hapo hapo, ni kama mlango wa pili, lakini haziipati."

"Mlango wa pili," baba alirudia.

"Ndiyo."

"Nimechimba tangu kijana. Mlango wa pili ninaujua ni mbali kiasi gani."

Kisha kijana akasema kuna dawa za chembe ndogo zinazotumika tayari, dawa iliyofungwa ndani ya vijipira vya mafuta, ila kwa ini la mama zisingefaa tena. Ya dhahabu bado inajaribiwa, nje huko. Wanaojaribu huwa wanachukua wagonjwa. "Siahidi kitu, mzee. Nitamuuliza mwalimu wangu. Nikipata jibu nitakupigia."

Baba alimtajia namba yake, akamwambia aisome, akamwambia aisome tena. Mimi kichwani nilikuwa nimeshapanda ndege. Nilimwona mama amekaa dirishani na kitenge chake cha kanisani, analalamika chakula hakina chumvi.

Kesho yake baada ya kufika nyumbani, baba alihamisha godoro.

Alilipeleka stoo, kwenye sululu na mabeleshi. Nilidhani anamwachia mama nafasi. Nikamtengea chakula ndani, akasema atakula nje. Nikamwekea maji ya kuoga, akayakuta na kuyaacha yapoe. Asubuhi aliondoka na kurudi jua linapozama, anasimama mlangoni, anauliza, "Anaendeleaje?", nami nikijibu anaitikia kwa kichwa na kwenda stoo. Kizingiti hakukivuka. Harufu ikaanza, ile ile ya utotoni wangu, ya jasho lililokaukia kwenye vumbi.

Mama alikuwa amelala akitazama mlango. Hakuwa na kazi nyingine ila kutazama mlango na kuninyanyasa mimi kuhusu uji.

"Baba yako yuko karibu na kitu," alisema siku ya kwanza, na alikuwa anatabasamu.

Duara la baba lilikuwa limejaa maji tangu masika, kwa hiyo mama alidhani amepata jipya. Siku zilivyokwenda tabasamu likapungua. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali rozari, wakauliza baba yuko wapi, akawajibu yuko kazini, mtu mwenye mgonjwa lazima afanye kazi. Aliwajibu kwa sauti kubwa kuliko nguvu alizokuwa nazo. Walipoondoka akageukia ukuta.

"Mayu," nilimwita, kwa Kisukuma, namna nilivyomwita nikiwa mdogo. "Unataka maji?"

"Mimi nakufa, yeye anatafuta dhahabu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimemuosha tope huyu mwanaume ujana wangu wote. Sasa nimebaki mifupa na harufu ya dawa, kaona bora alale na sululu." Alifumba macho nikadhani amesinzia. "Hata asiseme kitu. Aje tu akae pale," na akaonyesha kiti cha mbao karibu na kitanda, ambacho mimi nilikuwa nimekitundikia nguo zake.

Niliziondoa nguo. Kiti kikabaki kitupu, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Siku iliyofuata, mchana, jirani alipokuja kukaa naye, nilitoka kumtafuta baba. Nilipita kwenye maduara yote ninayoyajua. Vijana walinitania kwa mbali nisisogee, nisije nikawafukuzia riziki. Hakuna aliyekuwa na baba shimoni. Mmoja akanionyesha kwa kidevu lundo la kifusi cha zamani, kilima cha mawe yaliyotupwa, pale wanapopanda watu wanaotafuta mtandao.

Alikuwa huko juu peke yake, kwenye jua. Hakuwa na sululu. Mbele yake kulikuwa na jiwe bapa, juu ya jiwe kitambaa, juu ya kitambaa simu yake, uso umetazama mbinguni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama." Aliruka kusimama. "Amezidiwa?"

"Hapana, amelala. Duara liko wapi?"

"Duara gani?"

"Hilo unalochimba."

Alikaa tena. Nilimtazama viganja. Havikuwa na malengelenge wala michubuko mipya. "Hapa ndipo mtandao unakamata," alisema.

"Baba, huchimbi."

"Natafuta."

"Unatafuta nini?"

Aliangalia simu, akaniangalia mimi. "Ukimwambia mwanamke, inahama."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mwanangu," alisema, kama hilo ni jinsia ya tatu. Akaifunika simu kwa ncha ya kitambaa, taratibu, kama mtu anayemziba mtoto masikio. "Ile ya yule kijana. Ile ya kuingia kwenye damu."

Nikakaa kwenye mawe.

"Dhahabu ni dhahabu," baba alisema. "Hata wakiisaga mpaka isionekane. Mimi Kiingereza chenu sikijui. Kumtibu siwezi, hata kumpikia siwezi, nikipika analia. Kitu ninachokijua ni kimoja, namna ya kuishi nayo isikimbie. Basi nimeona nifanye hicho."

Niliichapa ile kazi neno kwa neno. Nilijua chembe inavyopakwa ili isijulikane, inavyomezwa, inavyokamatwa kwenye ini. Hakukuwa na sabuni mahali popote. Nilijua hivyo, na nilishindwa kulitoa mdomoni, kwa sababu mbele yangu alikaa mtu ambaye hajalala kitandani kwake, hajala na mkewe, ananuka kama beberu, na yote hayo ilikuwa ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo ya kumpa.

"Baba, mama anajua umekaa miiko."

"Anajua?"

"Anakunusa. Ila anadhani unatafuta ya chini. Anasema yeye anakufa, wewe unatafuta dhahabu."

Karasha lilikuwa linasaga huko chini, likanyamaza, likaanza tena.

"Kakutolea kiti," nikasema. "Karibu na kitanda. Anasema hata usiseme kitu."

Aliichukua simu akaifuta kwa shati, ingawa shati ndilo lilikuwa chafu. "Nikienda kuoga sasa hivi, halafu kesho wakapiga wakasema haiwezekani?"

"Itakuwa haiwezekani, baba. Haitakuwa sabuni."

"Wewe unajua hivyo."

"Najua."

"Mimi sijui," alisema.

Na akasimama. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Angekuwa na uhakika kama mimi lingekuwa jambo rahisi, lakini hakuwa nao, na alisimama, akatia simu mfukoni, akatangulia kushuka kwenye yale mawe.

Nilikuwa nimemwegemeza mama kifuani kwangu nikimnywesha uji tuliposikia ndoo ikigonga sakafu ya bafu. Kisha maji. Mama aliacha kumeza. Kisha ukaja mluzi, mbovu, umekatika katikati ukaanza upya, lakini ni ule ule.

"Haya," mama alisema. "Imehama. Ongeza sahani."

Baba aliingia maji yanamtiririka shingoni, amevaa shati la Jumapili, ananukia sabuni ya mama. Aliichukua dirishani bila kuomba. Akakaa kwenye kiti.

"Mwadila," alimsalimu mkewe, salamu ya mchana ya Kisukuma, kama mgeni.

"Mwadila. Umeikosa?"

"Sijui. Nimeacha kuitafuta."

"Ilikuwa wapi?"

Baba alinyoosha mkono, akauweka juu ya shuka, chini ya mbavu za kulia, bila kukandamiza, pale ini lilipokuwa limevimba. "Hapa," alisema.

Mama aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, nami nikamweleza. Nikamweleza kijana wa chuo, chembe, seli za usafi, namba ya simu iliyosomwa na kusomwa tena, kifusi, jiwe bapa. Nilipofika kwenye kitambaa cha simu alianza kucheka. Kicheko kilimuuma, akawa anajishika ubavu, anacheka.

"Wanaume wamenifukuza kwenye maduara tangu msichana, wanasema naikimbiza dhahabu. Leo mnataka inifuate mpaka kwenye damu."

"Niliona nijaribu," baba alisema.

"Ukaacha kuoga."

"Nikaacha."

"Kwa ajili yangu mimi."

"Sasa kwa ajili ya nani?"

"Ulinuka, baba watoto. Ulinuka sana."

Baba alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akayafuta kwa mkono ule ule. Nilichukua bakuli la uji nikatoka nalo nje, nikasimama kwenye ua nikiwa nimelishika mpaka likapoa.

Tangu hapo alilala chumbani, kwenye mkeka, kando ya kitanda, na mchana alipanda kwenye kifusi kwa muda mfupi tu, ameoga. Simu ikapigwa huko. Alirudi akasimama mbele yetu akalisema lote kwa mpigo, kama mwanafunzi anayesoma shairi alilokariri. Mwalimu wa yule kijana ameuliza wenzake. Yanayofanyika yako mbali, na hawachukui mgonjwa ambaye ini limeshachoka. "Kijana alikuwa analia," alisema. "Nikampa pole."

Kisha macho yake yakaenda dirishani, kwenye kifuniko cha ndoo. Mama aliona.

"Usiiangalie sabuni."

"Sijaiangalia."

"Umeiangalia. Ningepona halafu nimwangalie nani, mwanaume mchafu?"

Alifariki asubuhi moja ya ukungu, baba akiwa anamwosha miguu. Alikuwa amefika kwenye kifundo cha kushoto. Aliendelea mpaka akamaliza na mguu wa kulia, akaikausha yote miwili, ndipo akaniita. Akina mama wa mwaloni walikuja na matope yao magotini wakaimba pamoja na wa jumuiya, na siku ile hakuna aliyeosha marudio.

Baadaye, tukiwa wawili, baba aliniuliza mara moja tu. "Nisingeoga?"

"Haikuwa hata imeanza safari, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama aliniamini.

Nimerudi Kambarage. Yule kijana bado ananiletea kazi zake, na mwandiko umezidi kuharibika, nadhani sasa ni dokta kweli. Ananiambia wanatafuta namna ya kuzipaka chembe ili zipite kwenye ini bila kufagiwa. Ninachapa polepole siku hizo. Bado naota, siwezi kuacha. Namwona mama wa mtu mwingine, wa Chato huko au wa Ushirombo, amelazwa, dripu inashuka, na ile ndogo isiyoonekana inafika mlango wa pili, inabisha, inafunguliwa.

Baba haruhusiwi tena kushuka duarani. Hakuna aliyemfukuza kwa nia mbaya. Anaoga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa sabuni ya kunukia, na wenzake walimvumilia mpaka wakashindwa, wakamwambia mzee, utatuhamishia. Kwa hiyo anaosha marudio, mwanaume peke yake katikati ya akina mama, kwenye ubao wa mama. Wanamsimanga kwamba hajui kutandika gunia.

Juzi nilimpigia nikamuuliza kama amepata kitu. Zamani swali hilo halikuulizwa kwetu.

"Kidogo," alisema. "Nyingi inapita na maji."

Nikamsikia akiiweka simu kwenye jiwe bila kuikata. Maji yakamwagwa, na mluzi ukaanza.